Nyumba ya Gumato na Bega Lililokataa Kukaa

Kwetu Waborana nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anaweza kuwa na ngamia wa kujaza bonde zima, lakini usiku anaingia kulala kwa mkewe. Mwanamke ndiye anayekata fito na kusuka mikeka. Siku ya kuhama ndiye anayeivunja nyumba, anaipakia juu ya ngamia, na kuisimamisha tena huko waendako. Asiyeweza kazi hiyo anabaki mgeni wa watu. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani shangazi yangu Gumato alipigania bega tu.

Bega lenyewe lilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1976, karibu na Korbesa. Alikuwa ameinua mkono wa kulia, anarusha kamba juu ya mzigo. Ngamia akashtuka, akanyanyuka ghafla, kamba ikauvuta mkono nyuma. Mzee Yattani, mtaalamu wetu wa mifupa, alilirudisha bega mahali pake vizuri sana, na simnyimi sifa yake.

Balaa ilikuja baadaye. Bega lilitoka tena kisimani, likatoka tena alipojinyoosha usingizini. Kila likitoka, Yattani alilirudisha, kisha akalichoma kwa chuma cha moto. Kwa watu wetu hiyo ilikuwa akili safi kabisa: ngozi mbichi ikikauka inakaza, basi bega lililolegea nalo likipata moto litakaza. Baada ya moto, mkono ulifungwa kifuani miezi mizima bila kazi. Ukakonda, na bega likazidi kutoka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa, na shangazi alikuwa na makovu ya kutosha kijiji kizima.

Ndipo shemeji yake Godana, kaka mkubwa wa mumewe, akaja na maneno yake matamu.

"Mama Dullo, mkono mmoja hauchinji ng'ombe," alisema. "Tumemwonea Dima msichana huko Garbatulla, anaitwa Hawo. Mvua ikinyesha tutahama, yeye atajenga. Wewe utapumzika kwake."

"Kupumzika? Nani alikuambia nimechoka?"

Dima, mumewe, alikuwa amekaa papo hapo akichora mchanga kwa fimbo. Akaendelea kuchora. Mpaka leo nikikumbuka hadithi hiyo mkono unaniwasha.

Keshoye Gumato alipanda lori la ng'ombe hadi Isiolo, na kutoka hapo akapanda hadi hospitali ya wamisheni upande wa Meru. Daktari alimpiga picha, akamwambia anaweza kumpasua na kukaza nyama za mbele ya bega. Halitatoka tena.

"Na nitarusha kamba juu ya ngamia?"

Daktari hakumdanganya. Alisema mkono utakuwa mzito kugeuka nje, kwa hiyo kurusha kamba kutakuwa kwa shida.

"Basi usinipasue. Nipe kingine."

Daktari alimwonya kwamba bila kisu huenda likatoka tena, kisha akampeleka kwa Gaceri, mama wa Kimeru aliyefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Gaceri akaweka chungwa juu ya kisahani cha chai.

"Habari ya kwako, mama. Angalia hapa. Nyonga yako imekaa ndani sana, kama mchi kwa kinu. Lakini bega ni hii chungwa. Sahani ni ndogo, na ya kwako imepasuka hapa mbele. Kitu inashika chungwa isianguke ni nyama. Sasa nyinyi mnachoma, mnafunga, nyama inakwisha. Nani atashika?"

Shangazi alicheka, ingawa alitaka kulia. Miaka yote hiyo wameliadhibu bega kwa kukosa nguvu, na nguvu zenyewe ndizo walizokuwa wakizifunga.

Gaceri alimpa kipande cha tyubu ya tairi. Akifunge kwenye mti usawa wa kiuno, kiwiko kikae ubavuni, avute kwenda ndani, avute kwenda nje, polepole, kila siku. Akamwonyesha pia hatari ilipo: mkono ukiwa juu na umepinda nyuma, hapo chungwa linateleza.

Nyumbani walimcheka bila huruma. Gumato anajifunga mtini kama mbuzi! Gumato anapigana na tairi! Yeye akavuta. Siku moja bega lilitoka tena, akalia, na si kwa maumivu bali kwa hasira. Yattani alipoliweka sawa na kunyoosha mkono kuchukua chuma chake, shangazi alimwambia, "Baba, asante kwa mikono yako. Moto peleka kwa chai." Na alipopona akarudi kwenye tyubu yake. Mkono ukaanza kujaa.

Mvua ikanyesha, tukahama. Wanawake walikuja kumsaidia kama ilivyo desturi, akawapa mikeka wabebe, lakini kupakia akapakia mwenyewe. Hakurusha kamba kama zamani. Alimlaza ngamia, akasimama karibu naye kabisa, akaipitisha kamba mbele ya kifua chake, kiwiko kikiwa chini. Wengine walisema hivyo sivyo wanavyofunga Waborana. Mzigo haukuanguka.

Huko tulikohamia alichimbia fito, akazipinda, akafunika. Jua lilikuwa kali Godana alipofika na wazee wawili, Dima akiwafuata nyuma, safarini kwenda Garbatulla kumposa Hawo. Walimkuta Gumato amesimama mlangoni, jasho linamtiririka, mkono wa kulia umeshika fito ya juu.

"Salaam aleikum, Mama Dullo. Tumechoka. Tuingie kivulini?"

"Aleikum salaam. Kivuli cha nyumba ya nani?"

Godana aliwatazama wazee, wazee wakatazama miguu yao.

"Nyumba yako," alisema kwa sauti ndogo.

"Wazee hawajasikia, shemeji."

"Nyumba yako, Gumato!"

"Basi karibuni chai. Mkimaliza, mrudi mlikotoka."

Akasogea pembeni kuwapa njia. Wa kwanza kuinama na kuingia alikuwa Dima.