Mstari Uliokataliwa na Fimbo

Jirani yangu Felisiani ana majivuno ya watu wawili. Tangu redio isome shairi lake moja kuhusu mbolea, hakuna mtu hapa Msanzi asiyejua kwamba yeye ni malenga. Namsamehe, maana mashairi yake yanatamkika. Huyatungia kwenye turubai la kupuria maharage: yeye upande huu, mkewe Silvana upande ule, fimbo zinapishana, maneno yanashuka pamoja nazo. Zamani alikuwapo pia binti yao, Hellena, na fimbo yake.

Hellena alijiunga na utawa miaka minne iliyopita, baba yake hataki. Asubuhi ya kuondoka alipiga magoti, akasema shikamoo, na Felisiani akaendelea kutia jembe mpini kama hajasikia. Tangu siku ile binti hupiga simu kwa mama yake tu.

Mwaka huu, nadhiri za kwanza zilipokaribia, Felisiani akatangaza kwamba atamghania bintiye shairi kwenye sherehe. Silvana aliniambia wazi hofu yake. Hellena amekua akisikiliza mashairi ya baba yake. Hili likiwa la uongo atajua, na safari hii watampoteza kabisa.

Basi Julai, upepo wa baridi ukitukata masikio, nikaenda kuwasaidia kupura. Felisiani alighani beti zake, fimbo zikaitika vizuri, mpaka alipofika hapa: "Nami kweli kwa hakika, nimeridhia kabisa." Fimbo ya Silvana ikabaki juu. Akarudia, ikabaki juu tena. Akakasirika, akahesabu kwa vidole, nane na nane, akasema mizani imetimia.

"Kwenye vidole imetimia, Baba Hellena," Silvana akasema. "Mdomoni pumzi inakuishia. Mwambie ulichoniambia mimi alipoondoka. Tangu atoke nyumbani, nyumba imekuwa kubwa."

Fimbo yake na yangu zilishuka pamoja bila sisi kupanga. Felisiani akanuna, akasema hayo ni maneno ya jikoni, na jioni akanakili mstari wake wa kuridhia kwa kalamu nyekundu. Ningekuwa mkewe ningeichana ile karatasi.

Siku ya sherehe, Sumbawanga mjini, Hellena alikaa mbele na shela yake mpya, macho kwa baba yake. Nilikuwa karibu, nikaona kidole chake kikigonga goti taratibu, kama wakati ule wa turubai. Ubeti wa kwanza kikagonga. Wa pili kikagonga. Felisiani akafika kwenye "Nami kweli kwa hakika," na kidole kikasimama.

Naye alikiona. Akaukatiza mstari, watu wakaanza kukohoa, nami nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha akateremsha karatasi. Hakughani tena, alisema tu, kama mtu anayezungumza nyumbani kwake:

"Tangu utoke nyumbani, nyumba imekuwa kubwa."

Kidole kilishuka mahali pake, pigo kwa pigo, hadi neno la mwisho. Nililia, wala sioni haya kusema. Shairi lilikuwa na beti nyingine tano, lakini Felisiani alikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Hiyo haikuwa na mizani, wala hakuna aliyehesabu.