Zamani Slipa Ilikuwa Mtu

Enzi zetu hakuna mtu angeruka fimbo ya mwenzake ya kuvulia samaki pale mtoni halafu aende zake kana kwamba ameruka kijiti cha kuni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniwasha tangu Jumamosi iliyopita. Kama ulikulia Isiolo miaka ile ya mafuta ya kupimiwa kwenye chupa, unajua ninachosema. Kama hukukulia huku, sogea nikueleze, ila usiniambie nipunguze hasira. Hiyo nimeshaambiwa na watu wa kutosha.

Nakumbuka tukitoka duksi, Kurani tumesoma mpaka koo limekauka, tunapita nyumbani kumeza chai ya maziwa ya ngamia ikiwa bado inachoma, kisha kila mtu anakunja kipande cha mkate wa anjera mfukoni na safari inaanza. Tulipita nyuma ya nyumba za mtaa wa Wabera, tukaruka mitaro, tukafukuzwa na mbwa wale wale kila wiki, mpaka pale mto unapojikunja na kuacha dimbwi pana chini ya mikoma. Tuliliita Dimbwi la Punda, kwa kuwa punda wa mikokoteni ya maji walinywa hapo. Mto wetu si wa kujivunia, nakubali. Mtu wa kutoka ziwani akija wakati wa kiangazi atakuuliza mto uko wapi, na yeye amesimama katikati yake. Lakini kambare walikuwemo, weusi, wenye masharubu kama mwalimu wa hesabu, na wajanja kuliko sisi.

Fimbo tulikata wenyewe. Uzi wa nailoni tulimwomba fundi viatu, naye alitupa akinung'unika. Cha kuzamisha ndoano kilikuwa nati ya baiskeli, na cha kuelea juu kilikuwa kipande cha slipa iliyokatika. Nyungunyungu tulichimba nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea, tukawabeba ndani ya kopo la majarini. Wasichana wa siku hizi wakiona nyungunyungu wanapiga kelele kama wameona jini. Mimi nilikuwa nawakata kwa kucha.

Nyumbani hakuna aliyefurahia. Sisi ni wajukuu wa wanajeshi wa mkoloni, na babu zetu walitembea nchi nyingi bila hata mmoja kurudi na hamu ya samaki. Bibi yangu, tuliyemwita Ayeyo, alisema samaki ni nyoka aliyefukuzwa nchi kavu. "Mnyama asiye na miguu haingii kwenye sufuria yangu," alisema, na sufuria zake alizihesabu tukirudi. Mama naye: "Ukija na harufu hiyo utalala na mbuzi, na mbuzi wenyewe niwaombe radhi kwanza." Kwa hiyo tulichoma samaki huko huko mtoni, tukasugua mikono kwa mchanga na majivu, tukarudi tukinuka samaki na majivu.

Mwenye sheria za dimbwi alikuwa Akiru. Alikuwa msichana wa Kiturkana, familia yake ilitoka Ngaremara, na alitushinda umri kidogo na akili sana. Kwao samaki ni chakula, si kichekesho, kwa hiyo sisi wa ukoo wa mbuzi na ngamia tulimsikiliza. Hakuwa na cheo wala fimbo ya kuchapa. Alikuwa na macho tu. Akikuangalia, unakumbuka kosa ambalo hujafanya bado.

Kwanza, salamu. Mtoni unamsogelea mtu, unainama, unasema asalaam aleikum au habari kulingana na mtu, kwa sauti ya kumwamsha mtoto bila kumtisha. "Salimia mtu, usisalimie samaki," Akiru alisema. Punda wakija kunywa, wote mnatoa ndoano majini na kungoja, kwa sababu punda yuko kazini na nyinyi mnacheza. Fimbo ya mtu ikilala njiani unaizunguka. Ukisahau ukairuka, unarudi kuiruka tena kule ulikotoka, ndiyo bahati ya mwenye fimbo ifunguke. Mimi nimewahi kumwona baba mzima, amebeba gunia la makaa mgongoni, ameambiwa na Akiru arudi, na akarudi. Alilalamika, ndiyo. Gunia lilikuwa zito. Lakini alirudi.

Halafu kulikuwa na slipa. Ukitaka kwenda kuswali, au umeitwa nyumbani, au tumbo limekushika, unaacha slipa moja pale ulipokaa. Slipa hiyo ni wewe. Hakuna anayeisogeza, hakuna anayekaa. Kuna mvulana aliyeshikwa na malaria akiwa ameacha slipa yake kwenye nafasi nzuri kuliko zote, chini ya mzizi. Wiki nzima ilikaa pale. Mvua ikainyeshea, punda akainusa, sisi tukavua kandokando yake tukibanana kama njugu, na tukipita tunaisalimia kwa mzaha. Alipopona akaikuta, akaivaa, akakaa. Hakushukuru mtu. Kushukuru nini? Ilikuwa nafasi yake.

Na sheria ya mwisho, iliyonitoa machozi. Samaki wako wa kwanza kabisa maishani huli. Unampa jirani aliyekaa karibu nawe pale pale. Wa pili ndiye wako.

Wangu wa kwanza nilimpata nikiwa darasa la nne. Aliyekaa karibu nami siku hiyo alikuwa Boru, mtoto wa Kiborana wa nyumba ya nyuma. Asubuhi yote alikuwa akirusha mawe majini kuona yataruka mara ngapi. Tena kwao samaki hawali kabisa, hata jina hawalitaki karibu na maziwa. Nikamwambia Akiru, huyu hastahili, na tena hatamla.

"Sheria haiangalii uso," Akiru akasema. "Mpe."

"Atamtupa."

"Basi atatupa wake. Mpe."

Nikampa huku nalia. Boru akamshika kambare kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika soksi ya mgeni, akampeleka nyumbani, mamake akamfukuza mpaka barabarani akiwa na samaki wake mkononi. Lakini toka siku hiyo hakurusha jiwe tena. Nikienda kuswali, yeye ndiye aliyelinda slipa yangu, amekaa pembeni yake kama askari wa benki. Na kwa kuwa mtauliza, ndiyo, ni yule yule Boru ambaye leo ni baba wa watoto wangu. Samaki hali mpaka leo.

Hizi hadithi nimemsimulia binti yangu Hibo tangu akiwa mgongoni. Sasa ana miaka minane, na mwezi mzima amekuwa akinisumbua nimpeleke akavue. Hakuwahi kupata samaki. Fimbo nimemkatia mwenyewe, nati nimemwomba mtu wa kutengeneza boda, nyungunyungu amechimba yeye. Jumamosi iliyopita tukashuka dimbwini. Chupa za plastiki zimejaa ukingoni, mikoma imebaki michache, lakini maji yapo. Hibo akachagua pale chini ya mzizi, akalaza fimbo yake. Wakati wa adhuhuri tukasogea pembeni kuswali. Akaacha slipa yake moja, mpya, ya rangi ya waridi, tumeinunua kwa Idd.

Tuliporudi, slipa hatukuiona. Tuliona boksi la barafu, kubwa kama jeneza la mbuzi, na juu yake spika inayoimba. Kijana mmoja amevaa vesti yenye mifuko mingi kuliko duka la jumla, na miwani nyeusi. Mwenzake ameshika simu anampiga video. Hakuna aliyesalimia mtu. Samaki, kwa spika ile, walisalimiwa mpaka wa kule chini Gotu.

Hibo akasema, "Mama, slipa yangu iko chini ya boksi." Na kabla sijajibu, yule wa vesti akarudi nyuma ili atokee vizuri kwenye video, akaruka fimbo ya mtoto wangu. Aliiona kabisa. Na bado akairuka.

Nikamwambia, "Kijana, habari. Umeruka fimbo ya mtoto. Rudi uiruke tena, na hapo ulipoweka boksi pana mwenyewe."

Akatoa miwani aniangalie vizuri. "Mathe, kwani umenunua hii mto?"

Mathe. Mimi nina miaka thelathini na moja.

"Mto sijanunua," nikasema, "na mimi sijakuzaa, ningekukumbuka. Nimesema rudi."

"Mathe tulia, hiyo ni story ya kitambo. Samaki hajui mambo ya slipa."

Mwenzake akacheka, na akawa bado anapiga video, kwa hiyo mahali fulani kwenye simu ya mtu kuna picha yangu nikiwa nimefungua mdomo. Akasogeza boksi kwa mguu, slipa ikatoka imekunjika kama chapati. Hibo akaiokota, akaipangusa, akaniangalia. Hakulia. Aliniuliza kitu kibaya zaidi ya kulia: "Mama, kwani hizo sheria zilikuwa za ukweli, au ni hadithi ya kunilaza?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipoungua. Boksi ningelisukuma majini na mambo yaishe. Lakini nikilisukuma, nani tena atamwamini Akiru? Nikamwambia ni za ukweli, akae kando kidogo, angoje. Tukakaa. Ndoano yetu haikuguswa hata na chura. Ya yule wa vesti pia, kwa kuwa alitumia samaki wa plastiki mwenye macho ya kumetameta, na kambare wa Isiolo hajawahi kuona kitu kama hicho, nadhani alikuwa chini huko anacheka.

Basi kiu ikamshika yule kijana. Soda ziko kwenye gari, boksi ni la samaki. Akageuka, mbio, na akaruka fimbo ya Hibo, iliyolala ukingoni, kurudi kule alikotoka, bila hata kujua. Hibo akanishika mkono. "Mama," akanong'ona, "amerudi."

Sijui niwaambie nini. Wasioamini wasiamini. Jamaa aliporudi na soda yake, safari hii amezunguka kwa sababu mikono imejaa, kipande cha slipa kwenye uzi wa Hibo kikazama. Mtoto akavuta, akateleza, akakaa kwenye tope, lakini fimbo hakuiacha. Akatoka kambare wa urefu wa kiganja, ana masharubu na hasira kama zangu. Nikapiga kigelegele, nikasahau kabisa habari ya kutosalimia samaki.

Na nilipokuwa bado na kigelegele mdomoni nikakumbuka samaki wa kwanza huenda wapi. Nikaangalia jirani aliyekaa karibu. Vesti.

"Hibo," nikasema pole pole, "leo tunaweza kumpelekea bibi."

"Bibi hali samaki."

"Basi tumpe yule mama anayefua kule."

"Hayuko karibu." Ameshasimama, samaki kwenye mikono miwili. "Mama, si ulisema sheria haiangalii uso?"

Watu wenye watoto, chungeni mnachowasimulia. Akaenda mpaka mbele ya yule kijana, na tope lake lote, akasema, "Shika. Ni wa kwanza wangu." Jamaa akamwangalia mwenzake. Akacheka kidogo. Akapokea. Halafu akaning'iniza samaki wa mtoto wangu kando ya uso wake, akatabasamu, na mwenzake akapiga picha. Jioni hiyo dadangu ananitumia hiyo picha, imezunguka mji mzima: "Catch of the day, Isiolo tuko juu." Nilikaribia kuvunja simu. Boru naye, badala ya kukasirika kama mume wa mtu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Muache," akasema. "Hata mimi nilichelewa kuelewa."

Nimemwambia kama yule kijana atachelewa kama yeye, na aje kupiga hodi kwangu siku moja akitaka binti, atapigwa na fimbo ile ile.

Enzi zetu slipa ilihesabiwa kuwa mtu. Ilikaa wiki nzima kwenye mvua na watoto wenye njaa ya nafasi wakaizunguka. Leo mtu amekaa mwenyewe, na macho yake mawili na fimbo yake, na hahesabiwi hata kuwa slipa. Simu zinajua mko wapi, mnakula nini, mmelala saa ngapi, lakini hazijui kuzunguka fimbo ya mtoto. Mimi nasema ni hasara, na hamtaniambia vingine.

Lakini sijamaliza. Tulipokuwa tunaondoka siku hiyo, Hibo alirudi pale chini ya mzizi, mbele ya wale vijana wawili, akavua slipa moja ya waridi akaiweka. Nikamwambia aichukue, ni mpya, ni ya Idd, itaibwa. Akasema wa pili ni wake na nafasi ni yake, na Jumamosi si mbali. Akatembea mpaka Wabera mguu mmoja una slipa na mmoja hauna, anachechemea, amenyoosha shingo kama mtu aliyeacha mlinzi.

Leo ni Ijumaa. Tangu siku hiyo sijapita dimbwini, na njia ya sokoni nimebadilisha makusudi nisichungulie. Kesho baada ya duksi tunashuka. Nimekata fimbo mpya, na wiki hii sijamnunulia slipa nyingine.