Shemeji "Engineer" alivyofanya backup ya mishale, sauti ya bibi ikapotea

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Sina chumvi ya kuongeza hapa, yaliyotokea yanatosha.

Nipo Kitaji, Musoma. Laptop yangu ilikuwa inawaka ikijisikia, ikabidi ipigwe Windows upya. Dada yangu ameolewa Bunda na jamaa anayejiita Engineer. Uhandisi wenyewe ni kuwawekea watu muvi kwenye simu.

Ndani ya laptop kulikuwa na kitu kimoja cha maana: marehemu bibi, mzaa mama, akiimba kwa Kizanaki. Nilimrekodi kwa simu, nikahamishia kwenye laptop, simu ikaja kuibiwa stendi. Kila Jumapili mama alikuwa ananiomba nimfungulie.

Engineer akaja, akachomeka flash yetu, akakokota kila kilichopo desktop. Chai haijapoa, kamaliza.

Nikaingiwa na wasiwasi. Nikataka niifungue flash kwenye kompyuta ya jirani kabla haja-format. Mama akaniita jikoni, maana kwetu mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe.

"Mkwe hakaguliwagi," akaninong'oneza. "Unataka kumvua nguo kwangu?"

Nikaiacha flash ilipo. Jamaa akafuta disk nzima huku anapiga mluzi.

Kumbe alichobeba ni shortcut, zile alama zenye kamshale pembeni zinazoonyesha tu faili lilipo. Nyumba inabomolewa, yeye kaokoa kibao cha namba ya nyumba. Engineer!

Jumapili haijafika, tukaja kujua tukiwa Mwitongo kule Butiama, siku ya kumbukumbu ya bibi. Ukoo umekaa, spika imewashwa, nabonyeza, laptop inasema faili halipo. Nabonyeza tena, halipo. Engineer bila haya akasema flash yetu ina virusi.

Mama akainuka kwenye mkeka wa wanawake, akavuka uwanja, akaketi mbele yake kabisa. Watu wakainamisha vichwa.

"Mkwe," akamwambia, "basi niimbie wewe."

Engineer hajakanyaga kwetu tena. Recovery nimejaribu, imegoma.

Funzo: fungua faili kwenye mashine nyingine, lisikilize kwa masikio yako, ndipo u-format. Heshima ya mkwe inaishia kwenye sahani ya kuku.

Aliyewahi kurudisha data baada ya Windows mpya aseme, nipo nasoma. Wale wa "si ungehifadhi mtandaoni" wakakae na Engineer.

Jumapili mama bado anakuja kukaa karibu na laptop. Ila haombi kitu.