Petroli na soda ya machungwa, chupa ni zilezile

Saa kumi na mbili asubuhi, Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba. Mirembe anachomoa chupa tupu kwenye kreti, anaisogeza puani, anavuta pumzi, kisha anachukua nyingine. Ya tisa anaitenga akikunja uso. Imewahi kubeba petroli.

Mganda huyu wa miaka thelathini na minne anauza soda zinazoletwa kwa lori kupitia mpaka wa Nimule. Alikuwa akimaliza kreti tatu kwa siku, mbili zikiwa za machungwa. Hatua nne kutoka mezani pake, Mawien, kijana aliyelelewa Kenya na kurejea Sudan Kusini baada ya mkataba wa amani, anawauzia bodaboda petroli. Naye huipanga mezani katika chupa zilezile, na rangi hazipishani sana.

Machi mwaka huu, Nyakuon, binti wa Mawien mwenye miaka minne, alikosea meza.

"Kila siku mimi nampa kidogo, anakunywa na chupa," anasimulia Mirembe. "Siku hiyo mimi iko na kastama. Nasikia tu mtoto anakohoa, anakohoa."

Nyakuon alilazwa siku sita, kifua kikimbana. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini hofu ya Mirembe haijapona. "Mimi ndiye nilimuzoesha chupa. Sasa akipotea kidogo tu, roho yangu inaruka."

Ungedhani baba angetangulia kuziondoa chupa. Wapi.

"Mtu wa boda anataka kuona mafuta na macho yake," anasema Mawien akitazama chini. "Ukiweka kwa mtungi, anasema umetia maji. Nikikosa wateja, huyu mtoto atakula nini?"

Mirembe hamlaumu. Wateja wake mwenyewe ndio waliokuwa wakiondoka na chupa na kwenda kumuuzia Mawien. Tangu wiki iliyopita, kwake mtu anakunywa papo hapo au anamiminiwa kikombeni; chupa za zamani zinazorudishwa anazinusa kwanza. Wateja kutoka mtaa wa Buluk wamenuna, wengine wamehama, na kreti tatu zimebaki moja na nusu.

Kabla ya Krismasi, Mirembe anataka yeye na Mawien wachangie pampu ya mkono yenye kioo, ili petroli ionekane bila chupa. Mawien ameshakubali.

Mazungumzo yakiendelea, Nyakuon anafika. Mirembe anammiminia soda. Mtoto anapokea kikombe kwa mikono miwili, anakitazama, kisha anamrudishia.

"Onja kwanza, mama," anasema, na hanywi mpaka Mirembe ameze.