Baba Anarudi Kinyumenyume

Kabichi ikichemka kupita kiasi jikoni kwangu, namkumbuka baba. Koti lake lilinuka hivyohivyo, harufu ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo, na mama alilifua mpaka akachoka.

Tuliishi Nyololo. Likizo moja mjomba Tito, mdogo wake mama, alikuja kutoka chuoni Mbeya na simu mpya na wazimu mpya. Alitueleza kwamba filamu za kwanza kabisa hazikufika hata dakika moja, hazikuwa na sauti, na kamera haikusogea: watu wanatoka kiwandani, treni inaingia stesheni, imeisha. Akaanza kutengeneza za kwake. Kuku wetu wote walipata kuwa waigizaji.

Asubuhi moja aliisimamisha simu mlangoni, akamrekodi baba akienda kazini: mgongo, koti, geti, hayupo. Jioni akatuonyesha mchezo wa watengenezaji wa filamu hizo za kwanza, akaicheza filamu kuanzia mwisho. Mgongo wa baba ukaingia getini, ukakua, ukafika mlangoni. Nilikuwa na miaka mitano, na nilielewa jambo moja tu: anayetembea kinyumenyume anarudi.

Baadaye baba akaanza kukosekana nyumbani, mara wiki, mara mwezi. Watu wazima walinyamaza nikiingia. Nikawa nashinda getini, basi likisimama barabarani nachunguza migongo ya wanaoshuka. Niliogopa hatarudi, na niliogopa zaidi kwamba atarudi nisimtambue.

Akaja mchana mmoja, uso mbele kama watu wote, na hilo lilinichanganya. Waliongea na mama chumbani kwa sauti ya chini, kisha akatoka na begi. Akanishika kichwa. "Mwanangu, umsikilize mama yako," alisema. Halafu akaenda kinyumenyume, taratibu, akitutazama, mpaka getini.

Nilipiga makofi. "Mama, baba anarudi," nikasema. Lakini mbona alizidi kuwa mdogo? Mama alinibeba, akauficha uso wake shingoni kwangu, nami sikujua tunalia nini.

Alikuwa amehamia Mbeya, kwa mke mwingine. Hilo niliambiwa nikiwa darasa la sita, na nilimchukia sana. Sasa nina mtoto wangu, na najua kwa nini hakutaka kutugeuzia mgongo. Kinachoniuma ni kwamba alitaka kutuona mpaka mwisho, na alichokiona ni mimi, nimesimama mlangoni, nampigia makofi.