Ukuta Uliokunywa Maji

Siku ya kwanza kazini sikupewa mwiko. Kapita, yaani msimamizi wa mafundi, alinipeleka kwenye ghala moja la Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, lililokuwa limeingiwa na maji, akanisimamisha mbele ya ukuta wa ndani, akasema, "Gonga." Nikagonga. "Apana na ngumi! Kidole. Sikia." Palipojibu kwa sauti nzito, lipu ilikuwa bado imeshika tofali. Palipolia utupu, lipu ilikuwa imeachana na ukuta. Mwezi mzima niligonga tu, jamani, mpaka vidole vikaota sugu na wenzangu wakanibandika jina la Hodi-Hodi.

Baada ya kugonga, unabandua lipu kidogo karibu na sakafu, unachoma tofali kwa msumari. Msumari ukigoma, toa lipu mbovu, acha ukuta ukauke, piga mpya. Ukizama wote, usijisumbue: vunja, jenga upya. Halafu unateremsha timazi, ile kamba yenye chuma kizito, uone kama ukuta umeinama. Na kila mara kapita aliuliza, "Maji ilitoka wapi? Usipofunga njia ya maji, unapaka mugonjwa poda."

Baadaye nilifanya kazi Kiriri, kwenye nyumba za wakubwa, chini ya shefu wa shantye, yaani mkuu wa eneo la ujenzi, mkali, mtu wa maneno machache. Kule wenye nyumba walitaka tuvunje ukuta mzima kwa sababu ya doa. Siku moja shefu aligonga, akacheka, akaniambia, "Saidi, hii ukuta iko nguvu, itatuzika sisi wote. Toa lipu, basi." Mwenye nyumba akanuna wiki nzima, shefu hata hakujali. Nilimhusudu kwa moyo ule, maana mimi sikuwa nao.

Nilipoanza kujitegemea, niliitwa mtaa wa Musaga na Mama Furaha, mjane aliyetoka Uvira. Nyumba ilijengwa na marehemu mumewe kwa rukarakara, matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Bati lilikuwa limevuja msimu mzima wa mvua juu ya ukuta wa sebule. Na zilikuwa zimebaki siku nne tu kabla ya levée de deuil, siku ile ndugu wanapokusanyika kuondoa msiba na mjane anavua nguo za kilio.

Msumari ulizama wote. Nikamwambia, "Mama, huu ni wa kuvunja."

Akaanza kulia. "Fundi, bwana yangu ndiyo alijenga hii ukuta na mikono yake. Familia yake iko inakuja. Wakute nimemubomolea nyumba? Utengeneze tu, nakuomba."

Huruma ikanishika, na kusema kweli woga pia, maana machozi ya mjane siyawezi. Niliziba bati, nikapiga lipu nene ya sima, yaani saruji, nikapaka rangi. Hilo ni kosa la mjinga, na mimi sikuwa mjinga. Sima haiachi udongo upumue, kwa hiyo maji yote yaliyokuwa ndani niliyafungia humo humo. Ukuta ulipendeza, wallahi, kila mtu aliusifu.

Siku ya shughuli nami nilialikwa. Shemeji mkubwa wa Mama Furaha alikuwa amesimama anahutubia ndipo nilipoona lipu imevimba chini, nyuma ya viti vya wageni. Kumkatiza mkubwa wa familia katika hotuba kama ile ni aibu kubwa. Nikasema moyoni, acha amalize. Astaghfirullah, nilingoja! Lipu ilipopasuka ndipo nikapiga kelele, "Tokeni! Ukuta!" Watu wakakimbilia nje. Mama Furaha akarudi kuchukua picha ya marehemu iliyoning'inia pale pale. Ukuta ukamwangukia mkono wa kulia.

Hospitalini aliniuliza jambo moja tu. "Ulijua itaanguka hata ukiitengeneza?"

"Apana, mama," nikasema. "Kumbe ukuta wenyewe ulijengwa vibaya tangu mwanzo."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimjengea mwingine, wa matofali ya kuchoma, na bado uko imara. Mkono ule haukukunja vidole tena.

Sasa nimestaafu, mgongo umekataa. Mafundi vijana wanakuja kwangu Buyenzi kuniuliza, Mzee, huu tutengeneze au tuvunje? Nawaambia waende na msumari, na wakishaona waseme walichoona, hata mwenye nyumba akilia. Kila nikilisema hilo, nafsi inanisuta. Mwezi uliopita nikapanda basi hadi Musaga.

Nilimkuta anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia yote: kwamba msumari ulizama, kwamba nilijua, kwamba ukuta uliuawa na maji na sima yangu.

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo yeye alijenga vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Niliteremsha timazi siku ile ya kwanza. Ulikuwa umenyooka."

Machozi yakamtoka. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Miaka yote hii, Fundi," akasema, "niko namukasirikia mutu mwenye alikufa. Hata kwa kaburi yake niliacha kwenda."