Vidole vya mupwa wangu

Mupwa wangu alimaliza masomo ya informatiki, akatafuta kazi mwaka muzima. Ordinatere, ile kompyuta, nyumbani hakuna, basi vidole vyake vinaandika popote: kwenye meza, kwenye goti, hata kwenye mugongo wa mutoto anayemubembeleza. Klavye mbovu, kibao cha kuandikia cha kompyuta, niliyookota njiani wakati wa vita, herufi zake zote zimefutika, hiyo njo alijifunzia. Watu walinicheka. Leo, kwenye mutihani wa kazi, klavye za ofisi nazo zilikuwa zimefutika. Wenzake waliinama kutafuta herufi. Yeye aliandika bila kuangalia chini, huku akinikunjia uso miye niliyekuwa nachungulia dirishani.

“Mujomba, wamenichukua,” akaniambia jioni nyumbani.

“Wametuchukua,” nikamujibu. “Bila miye ungekuwa unauza mikate kwenye soko ya Alunguli.”

Akacheka, akaweka mikono juu ya meza. Vidole vikatulia.